Mkaa Niliopandisha Kilimani

Niliupandisha mwenyewe, kichwani. Nusu gunia la mkaa. Wenzangu walibeba jiko, sufuria mbili, mchele kilo 6, na ndoo ya nyama niliyokuwa nimeikata na kuitia tangawizi tangu usiku. Tulikuwa wanawake 11 na watoto 4, tumetoka Mwanza mjini kwenda kupumzika siku moja kwenye kilima chenye miti, tule pilau kule juu, jioni turudi. Wazo la kupikia kilimani lilikuwa langu, kwa hiyo yaliyotokea nayasimulia kama yangu, si ya kikundi.

Mimi ni mama lishe. Huu ni mwaka wa 14 napika Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Asubuhi chai, chapati na supu. Mchana wali, ugali, maharage, sato wa kukaanga, sangara wa rosti, na dagaa kwa mteja ambaye siku hiyo mfuko wake ni mwepesi. Katika miaka yote hiyo mkaa kwangu ulikuwa kama chumvi, unaisha unanunua mwingine. Magunia mawili kwa mwezi. Kijana analeta kwa baiskeli, anatua, analipwa, anaondoka. Mkaa mzuri niliujua kwa mlio, maana ukigonga vipande viwili vinalia kama vigae. Nilijua lumbesa ipi imejazwa kwa haki na ipi imetiwa chenga katikati. Ungeniuliza, ningekuambia hakuna kitu kuhusu mkaa nisichokijua.

Kila mwaka kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kikivunja mfuko tukagawana akiba, huwa tunashona sare. Mwaka jana mwenyekiti wetu akasema kabati zimejaa vitenge vinavyofanana, safari hii twende mahali. Mama mmoja kati yetu, aliyeolewa upande wa Kisesa, akatuambia nyuma ya kijiji cha wakwe zake kuna kilima ambacho ukikitazama kwa mbali ni mawe matupu, lakini ukipanda unakuta miti imeshikana hadi saa sita mchana kuna kivuli. Tukakubaliana twende Nanenane, kwa kuwa siku ile ofisi zimefungwa na wateja wangu wengi wako majumbani. Jina la kilima na la kijiji siyaandiki. Wenyewe walituomba hivyo, na kwa tulivyowafanyia nadhani wana haki.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili. Tukaondoka saa mbili na nusu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu barabara ya Musoma siku ya Nanenane si ya kuchelewa. Maonyesho ya wakulima yako Nyamhongolo, na foleni ilitushika pale hadi watoto wakaanza kuulizia chakula tukiwa bado tunayaona mabati ya stendi. Yule mama mwenyeji wetu naye hakuja. Mtoto wake aliamka na homa, akatuelekeza njia kwa simu, akasema atawapigia wakwe zake. Simu ya wakwe haikupatikana. Tukasema ah, kilima ni kilima, nani atatuuliza?

Kisesa tukakunja kwenda Bujora kwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Aibu ni yangu kusema nimezaliwa kanda hii na sikuwa nimefika. Mahali pale palianzishwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, mtu aliyezipenda ngoma za Wasukuma kiasi cha kuziingiza kanisani wakati wengine walikuwa wakizifukuza. Kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi, na ndani yake zimekaa ngoma za watemi. Kijana aliyetuzungusha akatueleza habari za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyoshindana vizazi na vizazi, na namna mashindano yale yanavyoendelea hadi leo kila Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma. Ukienda kule nenda mwezi huo.

Mimi nilibaki kwenye ngoma moja. Kigogo kimoja, kimetobolewa katikati, hakina kiungo. Nilitaka kuikumbatia nipime, kijana akanizuia kwa adabu, nikapima kwa macho tu, na mikono yangu isingekutana. Nikamuuliza mti wa namna hii ulisimama wapi. Akasema, "Hapa hapa, mama. Nchi hii ilikuwa na miti." Nikatazama nje kupitia mlangoni: mashamba yaliyokwisha vunwa, vumbi, nyumba za bati, mwembe mmoja mmoja. Sikulifikiria zaidi. Nilikuwa na nyama kwenye ndoo na jua lilikuwa linapanda.

Asiyeifahamu milima ya kwetu asitegemee kitu kama Usambara. Hapa ni miamba kwanza. Mawe ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, yamepasuka na kumomonyoka hadi yakabaki yamepandana kama viazi sokoni. Miti imesimama pale ambapo jiwe limeiachia udongo: mkuyu umeshuka na mizizi yake juu ya mwamba kama nta iliyoyeyuka, mkwaju, mninga, mtundu, mitonga yenye matunda magumu, ukubwa wa mpira wa tenisi. Pimbi wanakutazama kutoka kwenye nyufa, ukisogea wanapotea bila mlio. Mijusi yenye vichwa vyekundu inapiga pushapu juu ya jiwe la moto. Na kuna baridi. Unatoka kwenye uwanda wa jua kali, unapita kati ya miamba miwili, na shingo inajua umeingia mahali pengine kabla macho hayajazoea.

Njia ilianzia kwenye mkwaju mkubwa chini ya kilima. Chini yake kulikuwa na jiwe bapa, limelainika kwa kukaliwa. Tulilipita. Mmoja wetu aliweka hata mguu juu yake kufunga kamba ya kiatu.

Kabla sijafika kwenye moto, niseme kuhusu viatu na maji, maana yalituumiza. Nusu yetu tulivaa malapa. Mwamba ule una chenga ndogo ndogo juu yake, na lapa likikanyaga chenga linateleza kama umekanyaga maharage makavu. Mama mmoja alishuka kwa makalio hatua kadhaa hadi mti ukamzuia. Maji tulibeba madumu mawili ya lita 20, tukayafanya ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa watu 15. Hayakutosha hata bila moto.

Kufika nusu ya kilima tukakuta miamba miwili mirefu imeegemeana, katikati kuna uwazi kama sebule. Nikasema hapa hapa. Nikatua gunia, nikapanga mkaa, nikawasha kwa karatasi na mafuta ya taa kidogo, nikaanza kupepea kwa mfuniko wa sufuria kama ninavyopepea kila siku ya Mungu. Kirumba natupa cheche zangu kwenye saruji. Pale kulikuwa na nyasi za Agosti, zimenyauka hadi rangi ya mkate, zinafika magotini. Mchana upepo hutoka ziwani. Niliusikia ukiingia kati ya ile miamba miwili ukapata nguvu, nikafurahi kwamba jiko litakolea upesi.

Sikuona cheche ilipotua. Nilisikia mlio kama mtu anavunja njiti za kiberiti, moja moja, kisha kwa mkupuo. Nilipogeuka moto ulikuwa upana wa mkeka. Nikamwaga dumu la kwanza, likaisha kama nimelimwaga jangwani. Dumu la pili. Wenzangu wakavua vitenge wakaanza kupiga, na kila walipopiga cheche zikaruka mbele, moto ukazaa mwingine. Watoto walilia. Nilikuwa nasema, "Mungu wangu, Mungu wangu," nikipiga, na kitenge changu kikashika moto mkononi nikakitupa.

Waliotuokoa ni wavulana watatu waliokuwa wanachunga ng'ombe chini. Mkubwa wao sidhani alizidi miaka 12. Walikuja wakikimbia, wakivunja matawi mabichi njiani, na hawakusema neno. Walizunguka wakasimama upande ambao tayari umeungua. Hawakupiga kama sisi. Waliweka tawi juu ya mwale, wakalikandamiza, wakatulia kidogo, kisha wakalinyanyua taratibu. Wakasogea hatua moja, wakaweka tena. Walikuwa wanaufuata moto ubavuni, mmoja kila upande, wanaubana uwe mwembamba, hadi ukafika kwenye mwamba mtupu ukakosa pa kwenda. Tukawaiga. Sijui ilichukua muda gani. Palipoungua palikuwa kama uwanja wa netiboli, na mninga mmoja mdogo ulibaki umesimama majani yake yamejikunja.

Huo ndio ulikuwa msitu wa watu, na mimi nilikuwa sijasalimia hata mtu mmoja.

Babu alipanda polepole na fimbo yake. Moshi ameuona kutoka nyumbani. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mwadila." Tukaitikia mwadila. Akauliza habari za tulikotoka, za safari, za watoto, kama hakuna kinachofuka miguuni pake. Salamu zilipokwisha ndipo akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na masizi zaidi, akiniita mayu, yaani mama:

"Mayu, mmeingilia mlango gani?"

Nikasema, "Babu, hatukuona mlango."

Akanyoosha fimbo kuelekea chini, kwenye ule mkwaju. "Pale kwenye jiwe. Mgeni anakaa pale anaita. Sisi tunasikia, anakuja mtu. Angekwambia mwezi huu hapa hatuwashi moto hata wa sigara."

Sikuwa na la kujibu. Fikiria mtu aje Kirumba, apite mezani kwangu bila hodi, aingie jikoni, afunue sufuria. Ningemfukuza na upawa.

Akauliza mkaa ni wa nani. Nikasema wangu. Akachukua kipande, akakivunja, akatazama sehemu ya ndani kwa karibu kama fundi anayetazama kitambaa, akakirudisha. Akawaambia wenzangu wakae kivulini, mimi nimfuate.

Tulizunguka hadi upande wa pili wa kilima, kwenye bonde dogo ambalo kutoka njiani huwezi kuliona. Pale miti ilikatika ghafla, kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Katikati kulikuwa na duara la udongo mwekundu ulioiva kama tofali, halijaota hata jani, na pembeni chenga nyeusi. Tanuri la mkaa. Nilikuwa nimetumia mkaa miaka 14 na sikuwahi kusimama kwenye tanuri. Akanieleza linavyofanya kazi: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani kisha udongo, linawashwa, linaachwa liungue siku kadhaa kwa pumzi ndogo. Hewa ikizidi unafungua unakuta majivu. Hata likichomwa na mjuzi, kupata kilo 1 ya mkaa tanuri la asili linakula kuni kilo 6 hadi 10. Kuni nyingine zote zinapanda angani. Babu hakuijua kwa kilo, aliijua kwa mikokoteni: iliyoingia na iliyotoka.

"Hapa yalitoka magunia 18," alisema.

Nikaanza kuhesabu visiki. Sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kuhesabu sahani. Vilikuwa 23. Vingine unene wa kiuno changu, vingine wa paja. Nikamuuliza waliokata walikuwa nani, nikidhani atasema wezi wa usiku kutoka mbali.

"Mtoto wa kaka yangu. Mama yake alikuwa amelazwa." Akanyamaza kidogo. "Mkaa ulikwenda Mwanza. Pengine ulipikia wewe, mayu."

Hakulisema kwa kunichoma. Alisema kama anavyoweza kusema kwamba mvua ya juzi pengine ilinyesha na kwetu pia. Lakini nilikaa juu ya kisiki, nikapiga hesabu kichwani, na hesabu ile sijaweza kuiacha hadi leo. Magunia 18 kwa miti 23. Mimi ni magunia 24 kwa mwaka. Hiyo ni kama miti 30 kila mwaka, na kwa miaka 14 ni zaidi ya 400. Kilima kizima, juu hadi chini, pengine hakina miti 400 mikubwa. Nimekipika chote, na wali wake nimeuza.

Nilimuuliza kwa nini milima mingine tuliyoipita imebaki mawe tu. Akasema baba yake alikuwa miongoni mwa waliofyeka. Serikali ya kikoloni ilitaka vichaka viondoke ili mbung'o wafe, watu na ng'ombe wapate kukaa. Mbung'o waliondoka kweli. Baadaye ikaja pamba, na pamba ilitaka mashamba mapya kila mwaka. Kila mti ulikuwa na sababu yake ya kukatwa, tena sababu ya maana. Kilima hiki kilibaki kwa kuwa shoka lilishindwa kupita kwenye mawe, na kwa kuwa juu kuna mahali pa wazee wa zamani ambapo hapakatwi hata fimbo. Chini yake familia ziliweka ngitili: nyasi na miti inafungwa wakati wa mvua, hakuna mfugo unaoingia, kisha kiangazi inafunguliwa ng'ombe wapate kula wakati kwingine kumekauka. Ndiyo maana wale wavulana walikuwa karibu. Tungewasha moto wetu Machi, pasingekuwa na mtu, ingawa Machi majani mabichi yasingeshika. Shinyanga walirudisha maelfu na maelfu ya hekta kwa njia hii hii ya ngitili kupitia mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, baada ya ardhi kuchoka hadi kuogopesha. Kwa hiyo si hadithi ya wazee. Ni ujuzi, na una ushahidi unaoonekana kwa macho.

Kisha akanipa panga.

Nilidhani vile visiki vimekufa. Kumbe kila kimoja kilikuwa na kichaka cha machipukizi, membamba, yamesongamana kama vijiti vya mishikaki kwenye kopo. Akasema mzizi uko hai na ni mkubwa kuliko mti wowote mdogo ambao ningeuleta kutoka kitaluni kwa kopo la plastiki. Yakiachwa yote yanagombania maji, hakuna linalokuwa mti. Unachagua matatu, yaliyonyooka, yaliyoshika chini karibu na udongo na si yale yaliyochomoza juu kwenye mdomo wa kisiki, kwa sababu upepo utayabandua. Mengine unakata kwa mshazari, maji yasitue. Nilikata la kwanza vibaya, nikachubua gome la lile nililotakiwa kuliacha. Akachukua panga akanionyesha: kutoka chini kwenda juu, pigo moja. La pili likawa zuri. Nilifanya visiki vinne hadi kiganja kikatoka lengelenge. Huko Dodoma kazi hii wanaiita kisiki hai, na nilipolisikia jina hilo baadaye nilielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekishika.

Tuliporudi aliwaambia wenzangu twende chini tukamalize mambo. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, akaandika kwenye daftari, tukatozwa faini, tukalipa kutoka kwenye fedha zilizobaki za safari. Kulikuwa na mnong'ono kwamba tunaonewa. Niliwaambia wanyamaze. Kisha bibi wa nyumba ile, mke wa babu, akaitazama ndoo yangu ya nyama akasema haiwezi kulala. Tukapika pilau uani kwake, kwenye mafiga yake, kwa matawi makavu ambayo wajukuu walikuwa wameyaokota. Sahani za kwanza zilikwenda kwa wale wavulana watatu. Mkubwa alikula ya kwanza na ya pili bila kuinua kichwa, na ndipo nikaona kwamba ngozi ya kidole chake ilikuwa imebabuka. Alikuwa hajasema. Nikamwosha kwa maji baridi muda mrefu, akanitazama kama ananishangaa.

Juu kabisa hatukufika. Lakini kabla ya kuondoka babu alitupandisha kidogo kwenye mwamba wa pembeni tuone. Upande wa kaskazini maji ya Ghuba ya Speke yalikuwa yamelala kama bati jipya. Upande wa magharibi, kule nyumbani, hapakuonekana jiji. Ulionekana moshi tu, mwembamba, wa rangi ya maziwa yenye masizi, umetanda juu ya vilima. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Ni saa ambayo Mwanza nzima inapuliza majiko.

Sasa, nimefanya nini tangu siku ile? Nitasema ukweli wote, hata usiopendeza. Mkaa sijauacha. Nilichukua mkopo kikobani nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la plati mbili. Nimelipa kwa miezi mitano. Chai, chapati, mayai na kukaanga samaki vyote sasa ni gesi, na asubuhi naanza kuuza nusu saa mapema kwa sababu sipulizi kitu. Maharage na supu ya kongoro bado ni mkaa, kwenye jiko banifu la udongo lisilotapanya moto pembeni. Maharage nayaloweka tangu jioni. Yalikuwa yanakula saa tatu za moto, sasa saa moja na nusu. Hilo la kuloweka mama yangu alilifanya maisha yake yote, mimi nililiacha nilipokuja mjini kwa sababu mkaa ulikuwepo. Kutoka magunia mawili kwa mwezi nimeshuka chini ya moja.

Na ninalo la kusema kuhusu mpango wa serikali, ule Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini wanaoutekeleza waje wakae na mimi mezani siku moja. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwanamke mwenye elfu mbili mkononi anaweza kununua mkaa wa leo, unga wa leo na dagaa wa leo. Gesi kwa wengi wetu inauzwa kwa mtungi mzima. Hadi hapo atakapoweza kununua gesi ya leo kwa fedha ya leo, atarudi kwenye kopo, na mtu kijijini mwenye mgonjwa hospitali ataendelea kupata mnunuzi.

Februari tulirudi, sita tu kati yetu. Tulikaa kwenye lile jiwe chini ya mkwaju, tukaita. Alikuja yule mvulana wa kidole. Palipoungua palikuwa pameota nyasi, na ule mninga mdogo ulikuwa umetoa majani mapya upande mmoja. Machipukizi ya visiki vyangu vinne yalikuwa yamenifika kiunoni, isipokuwa kile nilichokichubua, ambacho kimepinda. Babu alikuwa na kikohozi, hakupanda. Tulimpelekea sukari na sato wakavu, akasema wabeja, akaniuliza kama bado napika.

Wiki iliyopita kijana mpya alinitulia gunia, bei yake chini kuliko ya wengine. Nikamwambia alifungue. Zamani ningegonga vipande viwili nisikilize mlio. Sasa niliingiza mkono hadi katikati, nikatoa ukufi mmoja, nikautandaza mezani. Vilikuwa vipande vyembamba, unene wa kidole gumba, gome bado limeshika, vimenyooka vizuri. Vilinyooka kama vile nilivyofundishwa kuviacha. Nilijua nilichokishika. Hayo hayakuwa matawi. Mtu alirudi kwenye visiki vyake akakata yaliyochipua.

Nikamwuliza ametoa wapi. Akasema, "Mama, unanunua au unapeleleza?" Nikamwambia leo hapana. Hakukasirika. Alilifunga gunia, akalipandisha kwenye baiskeli, akavuka barabara, na jirani yangu wa upande wa pili, tunayefahamiana miaka tisa, akalipokea akalipa.

Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo nilimvukia na kikombe cha chai, nikamwuliza kama Jumapili hii ana nafasi, na kama ana viatu vya kufunga.